Herufi Tatu za Mwanzo

Jumatatu, 3 Machi

Mvua imeanza leo, na paa la ofisi nalo likaanza. Nimeweka ndoo kando ya kabati la majalada. Msajili wa chuo kapita kuniambia kijitabu cha mwongozo cha mwaka ujao kinatakiwa mwisho wa Mei, na safari hii anataka "muhtasari wa chuo wenye mvuto". Nikamwambia mvuto upo, tatizo ni mabati. Hakucheka. Msajili hacheki kabla ya saa nne.

Mwaka wa kumi na mbili huu nahariri kijitabu hiki, na chuo nakijua kwa kichwa: vitivo vitano, programu thelathini na nane, maktaba moja, maabara nne ambazo mbili zina maji. Nimeanza hivi: "Chuo chetu ni chuo cha umma kinachowahudumia wananchi wa mkoa huu na mikoa jirani, kwa elimu bora iliyo karibu nao." Kwa siku ya kwanza inatosha.

Alhamisi, 6 Machi

Nimepanga programu kwa ngazi zake, na jioni nikamtolea Darubini mzaha wangu wa kila mwaka: kwamba lugha yetu humpandisha msomi cheo kwa kumpunguzia herufi. Unaanza na astashahada. Wanakunyang'anya A, unapata stashahada. Wanakunyang'anya tatu nyingine, unapata shahada. Akauliza, je, mimi niliyeishia cheti? Nikamwambia mimi herufi ziliniishia mapema.

Darubini ni mtoto wa marehemu dada yangu. Nimempa jina hilo kwa sababu hakuna kitu anachokitazama mara moja. Hata wali huupekua kabla ya kula. Nimekaa naye tangu ana miaka tisa. Sasa yuko mwaka wa tatu na wa mwisho, shahada ya teknolojia ya maabara, na mahafali ni tarehe 31 Mei. Hospitali ya mkoa imekwisha kumwandikia: nafasi moja ya maabara inamsubiri, alete cheti cha shahada tu. Leo kapimwa joho. Amerudi anatembea taratibu, kama vile tayari amelivaa.

Huniita mama mdogo, na ndivyo inavyopaswa. Siku moja, akiwa na miaka kumi, aliniita "mama", akasita, akaongeza "mdogo" haraka haraka, kama mtu aliyeacha neno akalirudia. Nakumbuka nilikuwa napepeta mchele.

Jumanne, 11 Machi

Mvua. Mzee Taipu, mchapaji wetu, bado yuko ukurasa wa tisa. Anachapa kwa vidole viwili na kila baada ya mstari anafuta miwani. Amebakiza miezi minne astaafu, na kwa mwendo huo atastaafu kabla ya kufika kitivo cha sayansi.

Jumatatu, 17 Machi

Imekuja barua kutoka Tume, hao wanaotoa ithibati za programu za vyuo. Wamepokea orodha ya wahitimu wetu na wana swali moja. Programu ya teknolojia ya maabara tuliyoidhinishiwa miaka mitatu iliyopita ni stashahada. Kwa nini chuo kimeleta majina arobaini na moja ya wahitimu wa shahada?

Msajili kaniletea mwenyewe, kaisimamia mezani kwangu. Kasema nitafute rasimu ya kijitabu cha mwaka ule, tujue nani alianza. Nikamwambia ni hao Tume, kwao karatasi hupotea. Niliamini nilichokisema.

Jumanne, 18 Machi

Nimeipata. Ilikuwa chini kabisa ya kabati, imelowa pembeni.

Ukurasa wa 27, kitivo cha sayansi. Programu saba zimefuatana, zote za shahada. Ya nane imechapwa sawasawa kama mkuu wa idara alivyoileta: Stashahada ya Teknolojia ya Maabara, miaka mitatu. Herufi tatu za mwanzo zimekatwa kwa wino mwekundu. Pembeni kuna maandishi: "Kosa! Tuwe makini." Chini yake kuna saini yangu, ile yenye mkia mrefu ninayoionea fahari.

Nimekaa sakafuni nimeishika hadi watu wakatoka kwenda kula.

Nakumbuka siku ile. Nilikuwa nimeona saba za shahada, nikaona ya nane imepotoka, nikafurahi. Mtu asiyekuwa mhariri hajui furaha ya kukamata kosa. Na nakumbuka Mzee Taipu alikuja na ukurasa mkononi, akafuta miwani, akaniuliza, "Mhariri, hapa una hakika?" Nikamjibu, "Mzee wangu, wewe andika kama nilivyoandika." Akaandika.

Baada ya hapo kila mtu alinakili kijitabu. Barua za udahili, kadi za usajili, hata kibao cha mlango wa maabara. Mkuu wa idara aliyejua ukweli alikuwa amehamia chuo kingine, na mwaka uliofuata programu ikafungwa kwa kukosa vifaa, ikabaki na hawa arobaini na mmoja tu. Programu nyingine za miaka mitatu ni shahada kweli, kwa hiyo hakuna aliyeshtuka. Wote tulisoma kijitabu. Ithibati yenyewe ililala kwenye jalada.

Na huyu mtoto. Mwaka ule alikuwa amepata nafasi ya stashahada ya uuguzi katika chuo cha mbali, na alikuwa anaitaka. Mimi ndiye niliyemwekea kijitabu mbele, kidole changu juu ya ukurasa wa 27. Nilimwambia shahada ya karibu ni bora kuliko stashahada ya mbali.

Rasimu nimeikunja nikaitia kwenye mkoba. Iko kabatini kwangu, katikati ya kanga na mashuka. Kikulacho ki nguoni mwako, walisema, na mimi nimekikunja vizuri kabisa.

Ijumaa, 21 Machi

Msajili kauliza kuhusu rasimu. Nimesema imeoza kwa maji ya paa. Hilo paa kwa mara ya kwanza limenifaa.

Jumatatu, 24 Machi

Nimeitwa kwa Msajili. Msajili si mtu mbaya, na hilo ndilo linalonichosha. Alinivutia kiti, akaniagizia chai. Anasema chuo kikikiri kwamba kosa ni lake, Tume itakuja kukagua programu zote thelathini na nane, na tunajua wenyewe ni ngapi zina walimu wa kutosha. Kwa hiyo tutajibu kwamba mchapaji aliteleza, na kwamba wanafunzi walitangaziwa marekebisho kwenye ubao tangu mwaka wao wa kwanza.

Nikamuuliza tangazo hilo liko wapi. Akasema lilibanduliwa, matangazo hubanduliwa. Halafu akanisukumia karatasi tupu, kwa sababu hapa chuoni hakuna anayeandika barua kama mimi.

Nimeiandika. Ni barua nzuri, haina kosa hata moja.

Alhamisi, 27 Machi

Mzee Taipu kasimamishwa kazi. Alikusanya vitu vyake: kikombe, kitambaa cha miwani, mto wa kiti. Alipopita mlangoni kwangu akasema, "Ukurasa wa kumi na tisa nimeumaliza." Nilijifanya natafuta kitu kwenye mtoto wa meza.

Jumatano, 2 Aprili

Leo tangazo limebandikwa: wahitimu wa teknolojia ya maabara watatunukiwa stashahada. Majina yote yameorodheshwa kwa alfabeti.

Darubini aliingia saa kumi akiwa amelowa chapachapa. Hakubadili nguo. Maji yakamchuruzika sakafuni. Nikamletea taulo akalishika tu. Akasema wenzake wanalia, kuna kijana amekwenda kuketi kwenye ngazi za Msajili na hataki kuondoka. Hospitali nayo wamempigia simu: hawawezi kumpokea kwa stashahada, watamngoja hadi mwisho wa Mei, basi.

Kisha akaniuliza, na nayaandika maneno yake kama yalivyotoka.

"Mama mdogo, kile kijitabu ulikisimamia wewe. Nani alikosea?"

Kulikuwa na nafasi. Naapa ilikuwepo, kubwa tu, ningeweza kupita.

"Mchapaji," nikasema.

Akatikisa kichwa polepole. Akasema, mtu mzima mwenye miwani, anashindwa kunakili neno moja. Ndipo akajifuta.

Ijumaa, 4 Aprili

Mvua. Sikula.

Jumapili, 6 Aprili

Darubini alikwenda kwa Mzee Taipu. Kaniambia mwenyewe, tena kwa ushujaa, kama aliyenitendea jambo. Alisimama uani kwake akamwambia yote: kwamba ameua watu arobaini na mmoja kwa vidole viwili, kwamba mzee mzima hana hata aibu. Majirani wakatoka kutazama. Nikamuuliza mzee kajibu nini. Kajibu, "Pole, mwanangu," na akamwambia anisalimie.

Nilikwenda chooni nikafungua bomba ili asisikie.

Jumatano, 9 Aprili

Nimekwenda kwake baada ya kazi. Anaishi vyumba viwili, kimoja kina mashine ya kuchapia ya zamani iliyofunikwa kitambaa kama mtoto aliyelala. Miaka kumi na mbili namtania mtu huyu, na sikuwahi kujua nyumba yake ina mlango wa rangi gani. Ni wa kijani.

Akanikaribisha chai. Nikashindwa kuanza, akaanza yeye. Kasema mtoto alikuja akafoka, naye akamwacha afoke, kwa kuwa uchungu wake una haki yake. Nikamuuliza kwa nini hakumwambia ni mimi.

"Nimwambie ili iweje?" akasema. "Mama yake hayupo. Nikikuondoa na wewe, atarudi nyumbani kwa nani?"

Alisema hivyo bila kuinua sauti, akanisogezea sukari. Nikanywa chai nikaondoka.

Jumatatu, 14 Aprili

"Chuo chetu ni chuo cha umma." Nimekomea hapo.

Jumanne, 15 Aprili

"Chuo chetu." Ndoo imejaa, nimeimwaga, imejaa tena.

Jumatano, 23 Aprili

Darubini hasemi siku hizi. Anafua koti lake jeupe la maabara kila Jumamosi ingawa halivai, analianika ndani kwa sababu ya mvua. Leo nimemkuta amesimama mbele ya kabati langu, akitafuta shuka. Nikamfokea asiguse vitu vyangu. Katika miaka kumi na mitatu sijamfokea hivyo. Alinitazama kwa yale macho yake, akafunga mlango wa kabati taratibu.

Jumanne, 29 Aprili

Wanafunzi waliiandikia Tume, na Tume imejibu, nakala kwa Msajili. Nimeisoma mara nne. Endapo utathibitika uzembe wa ofisi ya chuo, na kwamba wanafunzi hawakutaarifiwa, wote arobaini na mmoja watapewa mwaka wa nne na kutunukiwa shahada. Endapo walitaarifiwa kama chuo kinavyodai, watachukua stashahada yao. Ushahidi uwasilishwe kabla ya Jumanne tarehe 6 Mei. Maelezo ya mdomo hayatapokelewa.

Wanafunzi hawana ushahidi. Wana kijitabu, na kuhusu kijitabu barua yangu nzuri imekwisha kusema mchapaji aliteleza.

Ushahidi ninao mimi. Nalala nao chumba kimoja.

Msajili kaniambia tumepona.

Alhamisi, 1 Mei

Nimeitoa rasimu nikaiangalia. Nikachukua kiberiti. Sitaki kujipamba humu ndani, kwa hiyo naandika: niliwasha kijiti kimoja, kikaungua hadi kucha, nikakitupa. Nikawasha cha pili. Cha tatu kilikuwa na unyevu hakikuwaka, na nikaketi kitandani nikalia kwa sababu ya kijiti cha kiberiti.

Nikimwambia, ninampoteza. Nisipomwambia, nitakuwa naye mezani kila siku na nimempoteza vilevile, ila yeye hajui. Mficha uchi hazai. Mimi sikuzaa, nilipewa aliyezaliwa tayari, na nikamfanyia hivi.

Jumamosi, 3 Mei

Leo asubuhi alikuwa anapiga pasi lile koti. Nikaweka ukurasa wa 27 mezani mbele yake. Nilikuwa nimeandaa maneno tangu alfajiri, yakanipotea yote.

Akaiweka pasi wima. Akainama kuutazama kama anavyotazama kila kitu, kwanza wote, kisha kipande kwa kipande. Wino wangu anaujua. Ndio uliosahihisha insha zake zote za shule ya msingi.

"Ni wewe," akasema.

"Ni mimi."

"Na mchapaji?"

"Aliniuliza kama nina hakika. Nikamwambia aandike kama nilivyoandika."

Nilingoja anitukane, ningefarijika. Akachomoa pasi ukutani.

"Nilisimama uani kwa mzee wa watu," akasema. "Nikamwambia hana aibu. Na wewe niliporudi ukanipakulia chakula."

Alifungasha begi moja. Nikamwuliza anakwenda wapi, akasema bwenini, kwa mwenzake. Koti la maabara aliliacha juu ya meza ya pasi, mkono mmoja umenyooshwa, mwingine bado umekunjamana. Nilimfuata hadi mlangoni na mwavuli. Hakuuchukua.

Jumatatu, 5 Mei

Nimeipeleka rasimu Tume kwa mkono wangu, pamoja na barua ya ukurasa mmoja: nilikata mimi, mchapaji aliniuliza, tangazo halikuwahi kuwepo, barua ya chuo niliitunga mimi. Karani kagonga muhuri, kanipa nakala, kaniambia nifunge mlango kwa sababu ya upepo. Nilidhani litakuwa jambo zito zaidi.

Nikarudi ofisini nikamwambia Msajili. Hakupiga kelele. Alivua miwani akajikanda macho, akasema nimekiua chuo kwa ajili ya mtoto mmoja. Nikamwambia ni arobaini na mmoja. Akasema nikabidhi funguo. Nilimwachia pia ndoo, nikamweleza inapokaa.

Alhamisi, 8 Mei

Mvua. Hajaja. Nilipika kwa watu wawili.

Jumatatu, 12 Mei

Hajaja.

Ijumaa, 16 Mei

Tume imeamua. Mwaka wa nne wamepewa, shahada wataipata mwakani. Nimesikia kwa muuza duka, maana chuoni hakuna anayenipigia simu. Tisa kati yao walikwisha kurudi kwao na haijulikani kama watarejea. Ile nafasi ya hospitali imekwenda kwa mtu mwingine. Hawakuweza kungoja mwaka mzima, na sina wa kumlaumu. Mzee Taipu karudishwa kazini. Wakaguzi wanakuja Juni, programu zote thelathini na nane. Mimi shauri langu litasikilizwa, ingawa sijui watasikiliza nini. Nimekwisha sema yote.

Nilidhani nikisikia habari hii nitapumua. Nimekaa na koti la maabara mapajani, ule mkono uliokunjamana bado sijaupiga pasi. Naogopa kuharibu.

Jumamosi, 31 Mei

Leo mahafali. Mvua imekatika tangu jana, na muziki wa bendi unafika hadi hapa kwangu. Nimefunga dirisha, unasikika vilevile.

Saa nane mlango umegongwa. Alikuwa Mzee Taipu, amevaa suti ya zamani, yeye huwa hakosi mahafali hata moja. Hakukubali kuingia. Kasema Darubini alimfuata ofisini akapiga magoti akaomba radhi, naye akamwinua kwa sababu sakafu ile huwa na maji. Kasema muhtasari wa chuo wamempa Msajili mwenyewe auandike, na sentensi ya kwanza ina makosa matatu, naye anachapa kama alivyoandikiwa. Ilikuwa mara ya kwanza namsikia akitania. Kisha akatoa karatasi iliyokunjwa mara nne, akafuta miwani, akaondoka.

Nimeisoma nikiwa nimesimama. Ni mistari michache, kwa mwandiko mdogo wa Darubini:

"Mama, nimejisajili mwaka wa nne. Bado nina hasira. Jumapili nitakuja kuchukua koti langu. Usinipikie. Ufunguo ninao."

Kalamu nyekundu ilikuwa mezani, na mkono wangu uliishika kabla mimi sijafikiri. Mama, halafu koma. Baada ya hapo palipaswa kuwa na neno moja, ambalo hajawahi kuliacha tangu ana miaka kumi. Inawezekana aliandika kwa haraka, Mzee Taipu amesimama anamngoja. Inawezekana ni hasira, hataki kuliandika jina langu lote.

Mara ya mwisho nilipoona neno nisilolitegemea, nilikuwa na hakika. Leo sina. Nimeirudisha kalamu kwenye kopo, na karatasi nimeiacha kama ilivyoandikwa.